Kinga Tupu

Waliokuja kwenye kilio cha yaya wangu Gédéon, kaka yangu mkubwa, hawakuuliza amekufa na nini. Waliuliza alikuwa amebeba nini. Nilipowajibu kwamba hakubeba kitu, walitazamana, na jirani mmoja, mama ambaye kwa miaka mingi amekuja kuchukua moto kwenye jiko langu, akasema, "Sasa alikuwa anaenda wapi?" Maiti iko ndani, haijafunikwa hata vizuri, na yeye anauliza safari.

Ninaandika haya kwa sababu kuna neno lililosemwa juu yake kanisani, na neno hilo halijafutwa mpaka leo. Mungu anajua ukweli. Lakini sokoni hawamuulizi Mungu, wananiuliza mimi.

Kwetu Kasongo baiskeli tunaiita kinga. Mtoto akianza kusema anaiita kinga, na mzee anakufa akiiita hivyo. Na kinga kwetu haipandwi, inasukumwa. Mwanaume anafunga bidoni, madumu ya mawese, pande zote mbili, anatupa gunia la mpunga juu ya portibagaji, kile chuma cha nyuma cha kubebea, anafunga mti mrefu kwenye usukani apate kuuongoza, halafu anatembea kando yake kwa miguu mpaka Wamaza, mpaka Kabambare, mgongo umepinda na jasho linamwingia machoni. Wagonjwa wamepita juu ya kinga, na wajawazito, na majeneza. Hakuna mtu kwetu anayeiona kinga akafikiri juu ya furaha.

Gédéon alifikiri juu ya furaha. Hiyo ndiyo dhambi yake yote.

Alikuwa mshonaji. Mchana kutwa alikaa kwenye baraza sokoni akikanyaga cherehani, akishona sare za wanafunzi na nguo za kwaya. "Apolline," aliniambia siku moja, "miguu hii inapiga pedali tangu asubuhi, na sijafika hata kwa jirani. Jioni nayo inataka kuona kitu." Kando yake alikaa Moustapha, fundi wa kinga, mtu mfupi mwenye maneno mengi, Mwislamu wa Kabambare. Moustapha ndiye aliyemtafutia kinga ya zamani yenye chuma chepesi, na wote wawili wakaisafisha, wakaipaka mafuta ya cherehani badala ya mawese, kwa maana mawese yanashika vumbi na cheni inalia kama paka. Halafu Gédéon akachukua ufunguo, akafungua boliti, akatoa portibagaji.

Sokoni walisimama kutazama. Kutoa portibagaji kwetu ni kama kutoa paa kwenye nyumba yako ukasema unataka kuona nyota.

Mke wake Rosine, aliyemwita Papa, yaani baba, kwa jina la binti yao Estelle, alipoiona alishika kiuno. "Papa Estelle, kuni nitazibeba na nini?"

"Na kichwa, kama jana."

"Na mimi mwenyewe? Nikishikwa na uchungu wa mtoto?"

"Nitakubeba mgongoni."

"Uko na mgongo gani wewe!" Lakini Rosine alicheka, na mimi niliona kwamba alicheka.

Watu wengine hawakucheka hivyo. Jumamosi mchana, na Jumapili baada ya ibada, Gédéon alipita mjini akiwa amepanda, hana gunia, hana bidoni, hana hata kuku mmoja amefungwa miguu, na wasukumaji waliokuwa wakipumzika njiani walimpigia kelele. "Ee mushonaji! Umesahau mzigo!" "Bibi yake amemufukuza!" "Wee, shuka, kinga inakuonea haya!" Yeye aliinua mkono mmoja, hakusimama.

Alikuwa na mawazo yake, na aliporudi alikuja kuyamwaga nyumbani kwangu kabla hajaoga, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alisema mlima haukuchukii, haukujui tu, na kwa hiyo hakuna sababu ya kuutukana. Alisema mtu anayesukuma mzigo anajua mawe yote ya barabara na hajui mti hata mmoja. Alisema mtu anayepanda mlima akikusalimu, huyo amekusalimu kweli, kwa maana ametoa pumzi yake. Anayeteremka anakutupia salamu kama ganda la ndizi. Alisema kuna mahali baada ya mto fulani ambapo barabara inapita kwenye kivuli kirefu, na ukiingia humo jasho linapoa mara moja mgongoni, na kila mara akifika hapo anasema asante kwa sauti, ingawa hakuna mtu. "Kwa nani?" nilimuuliza. "Kwa nani tena?" akajibu. Ndivyo alivyokuwa akisali. Wazee wetu wa kanisa walitaka asali kwa namna nyingine, yenye mikutano.

Siku moja alikwenda mpaka Nyangwe, akalala kule, akarudi kesho yake. Mama yetu, Marie-Thérèse, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, alimsikia akiegemeza kinga ukutani, akanyoosha mikono.

"Leta samaki."

"Sikuleta samaki, mama."

"Umetoka Nyangwe bila samaki?"

"Nilinawa uso kwenye Lualaba. Nilitazama watu wakivusha mitumbwi. Maji yalikuwa meupe kama sahani."

Mama akaniambia mimi, kana kwamba yeye hayupo, "Huyu mutoto nilimuzaa kweli, ama walinibadilishia?"

Kwenye bariera, kizuizi cha askari kwenye barabara ya Wamaza, walimshika. Mtu mwenye mzigo wanamjua: anashusha, anatoa kitu, anapita. Mtu asiye na mzigo hawana la kumfanya, na hilo linawaudhi.

"Mizigo iko wapi?"

"Sina."

"Unaenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kutembea namna gani? Nani amekutuma?"

"Miguu."

Walimkalisha kwenye jua nusu ya siku wakimwita mpelelezi, mpaka Moustapha akafika akisukuma vyuma vyake vya kuuza akawaapia kwamba mtu huyu si mpelelezi, ni mjinga tu, na kwamba mji mzima unajua. Hapo wakamwachilia. Gédéon alilisimulia jambo hilo akicheka. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba mtu akipita mara nyingi mahali ambapo wenzake wananyang'anywa, na yeye anarudi mzima, watu watatafuta sababu. Yeye alisema sababu ni wazi: hawachukui kitu kwa sababu hana kitu. Lakini mjini walianza kusema ana dawa.

Sasa nitaje kanisa. Rais wa komite ya wazee wetu ni Papa Magloire, mtu mwenye sauti nzito na suti moja. Komite ilikuwa inajenga kapela kule Lusangi, na mabati yalipaswa kupelekwa. Papa Magloire akaja kwa Gédéon mwenyewe.

"Mwanangu, kazi ya Mungu inataka kinga yako."

"Papa, hii haibebi. Haina portibagaji."

"Portibagaji inarudishwa."

"Nipeni kinga ya kanisa, nitasukuma mpaka Lusangi. Hii hapana."

Na alikwenda. Alisukuma kinga ya kanisa pamoja na wengine, mabati yakimkata kiganja, akarudi mikono imevimba akashindwa kushika sindano. Hilo Papa Magloire hakulikumbuka. Alikumbuka ile "hii hapana" tu. Tangu siku hiyo, akihubiri juu ya wavivu, macho yake yalikwenda kwenye benchi letu.

Gédéon alikuwa na haja moja kubwa: kwenda Kabambare bila kushuka kwenye kinga hata kwenye mlima mmoja. Si kwa kushindana na mtu. Moustapha alikuwa anakwenda nyumbani kwao kwa siku chache, wakakubaliana wataonana kule. Gédéon alifika. Moustapha aliniambia alimwona akiingia mjini amekaa juu ya kinga, uso umekuwa kama udongo, na jambo la kwanza alilosema ni, "Nilikanyaga yote." Milima yote, alikuwa na maana hiyo. Walikula, wakalala, wakapumzika, wakaanza kurudi pamoja.

Kwenye kijito kimoja kabla ya Wamaza kuna daraja la magogo. Mvua ilikuwa imenyesha. Moustapha, mwenye mzigo, alitangulia kwa miguu, akavuka. Gédéon aliteremka nyuma yake, gogo moja likageuka, akaanguka chini kwenye mawe, na kinga juu yake. Moustapha akamwaga mzigo wake wote kando ya njia, akamweka yaya wangu juu ya portibagaji yake, akamfunga kwa kamba za mpira asianguke, akamsukuma. Njia nzima mpaka Kasongo. Ile kinga nyepesi ililetwa na wasukumaji wengine, wale wale wa kelele, na waliiegemeza kwa Rosine bila kusema neno.

Kwenye kituo cha afya walisema mbavu, na ndani kuna kitu kinachovuja. Walitoa walichokuwa nacho. Kilichokuwepo ni kidogo.

Jumamosi shemasi Nathanaël alikuja kumwombea. Huyu ni kijana aliyezaliwa na kusomea kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Wazazi wake ni wa huku, lakini yeye alirudi majuzi tu, na anaongea Kiswahili cha kule, kilichopigwa pasi. Mimi nilikuwa nje napoza uji. Nilimwona akitoka haraka, Biblia imebanwa kwapani, hakuniaga. Nikaingia. Gédéon alikuwa anajaribu kucheka, na kila akicheka anashika ubavu.

"Umemfanya nini shemasi?"

"Ameniuliza, ndugu, katika saa hii unahitaji nini? Nikamwambia, muniletee kinga yangu. Niiguse tu."

"Na yeye?"

"Amesema, kinga? Nikasema ndiyo, kinga, ndiyo imenifikisha hapa. Akakimbia." Akapumua kidogo. "Apolline, kweli iletwe. Nataka nione kama gurudumu limepinda."

Hatukuileta. Muuguzi alikataa chuma kichafu kisiingie ndani.

Kumbe kule kambini kinga si baiskeli. Kinga ni kitu cha kumkinga mtu: hirizi, dawa iliyoshonwa kwenye ngozi. Shemasi alikwisha kusikia maneno ya mjini juu ya dawa ya Gédéon, na sasa alikuwa amemsikia mgonjwa kwa kinywa chake akiomba kinga badala ya sala. Jumapili akapanda mimbarani. Rosine alikuwepo na mama. Rosine aliniambia yote.

"Wapendwa, kuna ndugu yetu yuko kitandani. Nimemuuliza anahitaji nini. Hakutaka maombi. Alitaka kinga yake! Alisema ndiyo iliyomfikisha hapo! Je, mtu huyu ni wa nani?"

Nathanaël alikosea neno. Mgeni anaweza kukosea neno. Lakini kanisa lile lilikuwa limejaa. Watu wote mle, kuanzia Papa Magloire kwenye kiti chake cha mbele mpaka kwenye wapiga ngoma, walizaliwa wakiita kinga kinga. Walijua yaya wangu aliomba nini. Ninawaza mara nyingi ile dakika moja ambapo mtu mmoja angeweza kusimama na kusema, "Shemasi, ni velo, ni baiskeli," na wote wangecheka, na jambo lingeisha. Hakusimama mtu. Rosine alisimama, na mzee mmoja akamwambia mwanamke hasemi wakati wa neno.

Jumatatu asubuhi, jua likianza kupiga ukutani, Gédéon alikufa. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu.

Mchungaji alikuwa Kindu kwenye mkutano, kwa hiyo maziko yalikuwa mikononi mwa komite. Na komite ikatuma neno kwamba haitamzika. Hakuna kwaya, hakuna kengele, hakuna sala ya kaburini. Mtu aliyekufa na hirizi anazikwa na watu wake. Mama alilisikia neno hilo amekaa kwenye mkeka karibu na kichwa cha mwanawe. Hakupiga kelele. Alisema, "Wasipomuimbia yeye, hata mimi wasiniimbie." Mama yangu ameimba kwenye kanisa lile tangu kuta zake zilipokuwa za miti na udongo. Anajua kila wimbo. Alikuwa akihesabu kwamba wimbo utampeleka mwanawe mahali ambapo macho yake hayawezi tena kumsindikiza.

Tukaenda mimi na Rosine. Joto lilikuwa linapanda, na maiti haingojei. Wazee walikaa kwenye baraza la kanisa, shemasi pembeni, na watu wamekusanyika uani kama wanavyokusanyika mbuzi anapochinjwa.

Sikusalimu kwa mzunguko. "Shemasi," nilisema, "kile kitu chenye magurudumu mawili kimeegemea pale ukutani, kinaitwa nini?"

"Baiskeli, dada Apolline."

"Waulize hawa."

"Kinga!" uani wakajibu pamoja, na wengine wakaanza kucheka.

Nilimwona Nathanaël akielewa. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alifungua kinywa, akamtazama Papa Magloire, akakifunga.

"Mama Apolline," Papa Magloire akasema, "hatukuja hapa kujifunza luga."

"Papa, wewe unajua luga. Ulijua Jumapili."

"Neno limeshatoka mbele ya kanisa. Shemasi hawezi kumeza neno kama ugali. Watu watasema mimbara inadanganya."

"Mimbara ilidanganya."

"Angalia kinywa chako. Tena, tuseme ni kinga ya magurudumu. Mutu mzima anapanda kinga bila mizigo, anaenda Kabambare, anarudi na mikono mitupu. Hiyo ni akili ya Kikristo?"

"Andiko gani linakataza?"

Mzee mwingine akasema, "Hata punda wa Yesu alibeba kitu."

"Alibeba mtu mmoja," nilimjibu. "Kama kinga ya yaya wangu."

Uani walicheka tena, na kicheko hicho kilitudhuru, kwa maana Papa Magloire hapendi kuchekwa. Akainama kwa wenzake, wakanong'ona, akainuka na uso mtamu.

"Komite ina huruma. Dawa zinapoletwa kanisani tunazichoma, mnajua. Hii haitachomwa. Mulete hiyo kinga hapa leo, muiache mikononi mwa kanisa. Tutairudishia portibagaji, itasaidia kazi ya Lusangi. Hapo shemasi atatangaza kwamba kinga imetolewa, na hatakuwa amesema uongo. Na kwaya itaimba."

Ninaomba Mungu anisamehe yaliyopita moyoni mwangu. Kuna Zaburi za kuwaombea adui zako wakatike meno. Wachungaji hawazisomi kwenye harusi, lakini mimi nilizisoma zote palepale, kimya, kwa jina la kila mmoja aliyekaa kwenye baraza lile. Halafu nikamfikiria mama kwenye mkeka. Nilitaka kusema ndiyo. Chuma ni chuma, na mama ni mama. Lakini kinga haikuwa yangu. Nikamtazama Rosine.

Rosine alijifunga kitambaa chake upya, taratibu.

"Mukiichukua," alisema, "kanisa lote litasema ilikuwa dawa, ndiyo maana tumeileta. Estelle atakua akiitwa mutoto wa mulozi, mutoto wa muchawi. Hapana."

"Na wimbo, mama?" akauliza Papa Magloire.

"Muimbie mabati yenu."

Akageuka, nami nikamfuata.

Tulimzika jioni ileile. Waliokuja ni wa ukoo, washonaji wa sokoni, na Moustapha na ndugu zake, ambao walichimba kaburi bila kuombwa na wakasimama kando wakati wa sala ili wasituzuie. Sala niliisoma mimi. Kengele haikupigwa, ingawa kutoka kaburini unaliona paa la kanisa. Nilipomaliza, palikuwa kimya, kimya kile ambacho kwaya ndiyo inajaza. Mama akakijaza. Alianza peke yake, chini mno, akashindwa kushuka, akaanza upya juu zaidi. Kwenye ubeti wa pili alichanganya maneno na wimbo mwingine. Hakuna aliyemsahihisha. Watu wa kwaya wanaokaa karibu na makaburi walisimama kwenye milango yao, wakasikiliza, hawakuja. Ninawajua majina, na nguo wanazoimbia ni yaya wangu aliyezishona.

Tulipokuwa tunaondoka, shemasi Nathanaël alikuwa amesimama njiani, mbali kidogo na makaburi, kama mtu aliyepita tu.

"Dada Apolline, nilikosea neno."

"Ulilikosea wapi?"

"Kanisani."

"Basi kalirudishe palepale. Hapa njiani halijapotea."

"Wazee wamenizuia. Nitafute wakati mzuri..."

"Gédéon hakutafuta wakati mzuri wa kufa."

Mchungaji alirudi kutoka Kindu, akatuita, akasikitika, akasema jambo limeshapita na tusiliamshe. Kwa mtu ambaye halikumpiga, kila jambo limeshapita.

Kwa hiyo ninakwenda kila Jumapili. Wengine waliniambia nihamie kanisa lingine, nikakataa. Mungu wangu yumo mle, sitamwachia Papa Magloire. Ninakaa benchi la mbele kabisa, mahali ambapo shemasi akipanda mimbarani hana pa kuweka macho ila kwangu. Anasoma matangazo: ubatizo, kazi ya mikono, wagonjwa. Anafika mwisho, ananitazama, anakunja karatasi. Nikipiga magoti, Mungu ananiambia nisamehe. Ninamjibu kwamba nimesikia, na kwamba Nathanaël aseme kwanza.